Gari Litalala Wapi?

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku mwisho wa reli tu wazima. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama migebuka mikavu, wale samaki wa ziwa letu, aliyokufungia ilifika au ililiwa njiani. Nimemwambia ingekuwa imefika angekwishasikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema shemeji amepata gari safi la mtu anayehama, kwamba halina hata mkwaruzo. Zuhura, gari la Cairo lisilo na mkwaruzo! Hilo ama limetoka dukani jana ama limepakwa rangi juzi. Mara ya pili sikucheka, maana unaniuliza kweli: utoe akiba yako mgawane bei, au uendelee kubanana kwenye metro, treni ya mjini humo, kila asubuhi.

Kabla sijakujibu, nikukumbushe ile siku ya utetezi wa tasnifu yangu. Mwaka 2017, mvua imenyesha usiku, na unaijua Cairo ikinyeshewa: mji hauna mifereji ya maana, vikombe viwili vya maji vinageuka bwawa. Nami nimevaa gauni jipya, viatu vya kuazima, nikasema leo sibanwi na watu, leo napanda teksi kama bibi harusi. Wewe ukanitazama tu, ukachukua mkoba wako ukaelekea kituoni Hadayek el-Maadi. Mpaka Chuo Kikuu cha Cairo ni vituo kumi na kimoja na kubadilisha treni mara moja. Mimi nikaingia barabara ya Corniche, Nile mkono wa kushoto, inapendeza kweli. Ikapendeza hivyo hivyo, mahali pale pale, kwa muda wa saa nzima. Dereva alizima injini. Akashuka. Akanunua chai kwa kijana aliyekuwa akipita na sinia katikati ya magari, akaniletea na mimi glasi. Nilipomwambia nina mtihani akaniambia "maalesh", lile neno lao la kila msiba, akapiga honi tatu kuonyesha kwamba yuko upande wangu.

Nilifika majasho yananitoka, wazee watatu wa jopo wananiangalia, na wewe umekaa nyuma kabisa umekwishamaliza kula mkate wako. Mpaka leo hujanisema. Ningekuwa mimi ningekusema kila mwaka.

Sasa usidhani naisifia metro kwa kuwa niko mbali nayo. Sijasahau kituo cha Dar el-Salaam. Siku ya kwanza niliposikia jina hilo likitangazwa ndani ya behewa moyo uliniruka, nikatamani nishuke nimkute shangazi pale nje na daladala la Mbagala. Siku ya pili nikaelewa kwamba Dar el-Salaam ni pale wanapoingia watu mia kwenye nafasi ya kumi. Kiwiko cha mtu kwenye mbavu, mtoto wa mtu kwenye goti lako, na joto la Julai. Nakumbuka pia tulipofika mwaka 2014, kituo cha Sadat kimefungwa kwa sababu za usalama, treni inakipita bila kusimama. Tukawa tunakwenda hadi Shohadaa kubadilisha, halafu tunarudi na njia ya pili tukikipita tena kile kile tulichokuwa tunakitaka. Ajuza mmoja akatuelekeza "shukeni Mubarak", tukahangaika kulitafuta jina hilo kwenye ramani, kumbe wamekwishalifuta tangu 2011 wakaandika hiyo hiyo Shohadaa, yaani Mashahidi. Katika marais wao, Naguib anacho kituo, Nasser anacho, Sadat anacho. Huyo mmoja alinyang'anywa.

Lakini yote hayo, shoga, yalikuwa na saa yake. Hilo ndilo ninalotaka ulipime. Ukitoka nyumbani saa moja, unajua utafika saa ngapi, labda dakika tano mbele au nyuma. Njia ile ya kwanza ilifunguliwa 1987, ya kwanza Afrika nzima, na chini ya ardhi inaingia katikati ya mji tu, kwingine inakwenda juu kama treni yetu. Ila popote inapopita, hakuna mtu wa kuikatia mbele kuuza chai. Na njia ya pili inapita chini ya Nile mara mbili, kabla ya kituo cha Opera na baada yake, wakati wenye magari wako juu darajani wanapigiana honi. Mimi kila tulipopita pale nilikuwa nasoma bismillahi kimoyomoyo. Ziwa lote la Tanganyika nimelivuka kwa boti bila hofu, lakini kuwa na mto juu ya kichwa sikuzoea.

Halafu lile behewa letu la wanawake. Unamkumbuka yule mwuza vibanio? Anapita anaweka pakiti moja kwenye mapaja ya kila aliyekaa, bila kuuliza, anafika mwisho wa behewa, anarudi anakusanya: pakiti au pesa, basi. Hajawahi kukosea hesabu. Mule ndani nilijifunza Kiarabu cha watu kuliko nilichofundishwa darasani. Nilijua nyanya zimepanda bei, nilijua mkwe wa fulani kafanya nini. Pauni ilipoporomoka Novemba 2016 sikusoma gazeti. Nilisikia mama mmoja akihesabu sukari kwa sauti. Machi iliyofuata tikiti ikapanda kutoka pauni 1 kwenda 2, na Mei 2018, naondoka, ikawa 3, 5 au 7 kwa kadiri ya vituo. Sisi tuliangukia kwenye 5. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini piga hesabu ya tanki moja la petroli.

Hapa nyumbani mimi nina kigari, usiniite mnafiki. Ujiji kwenda mjini Kigoma ni mwendo mfupi, foleni yetu ni ng'ombe wawili na bodaboda aliyesimama kuongea na simu. Nilikinunua kwa sababu ya mama na hospitali zake. Kimenifaa. Lakini mwezi wa kwanza tu fundi mmoja aliniuzia chujio la mafuta "jipya" ambalo nikilitazama hivi naona limesuguliwa kwa msasa. Nikajifunza kulala macho wazi nikisikiliza kama kuna mtu anagusa vioo. Na habari za mji zimenipita. Zamani kwenye daladala, kutoka hapa hadi Mwanga nilikuwa nimejua nani kafiwa na nani kaozesha. Juzi nimeambiwa msiba wa jirani siku ya tatu, na nyumba yake naipita kila asubuhi na vioo nimepandisha kwa ajili ya vumbi.

Kwa hiyo jibu langu: kazini nenda na metro. Unashuka Dokki, ofisi iko hapo hapo. Usiku, Ijumaa, mkwe akija kutoka Alexandria na mizigo yake, hapo sawa, gari lina kazi, lakini kwa safari hizo teksi hazijaisha duniani. Najua shemeji atasema umechoka, anataka kukupumzisha, na namwamini, ni mtu mwema. Mwambie ukipanda metro umechoka unaegemea mlango unafumba macho. Ukiwa unaendesha Corniche huwezi kufumba hata moja.

Na kama moyo umekwishaamua, nisikuzuie, basi kabla hujatoa hata pauni mia ya kishika bei nenda mtaani kwenu saa nne usiku, usimame chini ya jengo uhesabu. Utakuta magari yamepangwa safu mbili, ile ya nje yameachwa bila gia na bila breki ya mkono ili mwenye kutoka ayasukume. Unakumbuka tulivyokuwa tukilisukuma la yule daktari wa ghorofa ya pili, na nguo zetu za sikukuu? Sasa jiulize asubuhi nani atalisukuma lako, hadi wapi. Na yule mzee wa maegesho mwenye filimbi anataka kiasi gani kwa mwezi. Shemeji amekutajia bei ya gari, rangi yake na mwaka wake, lakini kurasa tatu zote za barua yako hakuna mahali ulipoandika litalala wapi. Muulize hilo kwanza, kisha uniandikie.

Wako,
Mwajuma

Mama anasema kama migebuka ililiwa, atafunga mingine, ila safari hii ataishona ndani ya mto wa kulalia.