Barua kwa wakufunzi wa vyuo vya wananchi: msiandike "ameacha" kabla hamjaenda kuuliza

Wanangu wakufunzi, wakuu wa vyuo, na nyie wajumbe wa bodi, najua wengi mtaanza na shikamoo kwa hiyo marahaba, na poleni na kazi. Mimi nimefundisha ushonaji kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi hapa Tanzania miaka 27, sasa hivi nimestaafu nakaa na wajukuu na cherehani yangu ya kukanyaga, na nimeona niandike hili jambo kabla macho hayajanitupa kabisa, manake kila nikikutana na mkufunzi kijana ananiambia mama mwaka huu tumedahili wengi kweli, na mimi namuuliza wale wa mwaka jana wamemaliza wangapi, ananyamaza kidogo alafu anasema wengine waliacha.

Waliacha. Hilo neno ndo limenifanya nishike simu niandike.

Niwaambie kitu kilichonitokea mimi mwenyewe. Chuo sitakitaja. Nilikuwa na binti mmoja ametoka huko bondeni kwa watu wa mpunga, darasa la saba tu, lakini mkono wake jamani, alikuwa anakata shingo ya gauni bila kuchora na chaki na ukiipima na futikamba imekaa pale pale. Wiki ya tisa hayupo, ya kumi hayupo. Utaratibu wetu ulikuwa wiki mbili mfululizo bila taarifa jina linakatwa, basi nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye rejista "ameacha", hakuna aliyenilazimisha, ni mkono wangu huu huu. Ikapita kama miaka miwili nikamkuta mnadani anashona midomo ya viroba vya mchele kwa sindano ile ndefu ya magunia, analipwa kwa kiroba. Akaniamkia vizuri tu bila kinyongo. Nikamuuliza mwanangu mbona uliacha chuo, akasema mwalimu mimi sikuacha, nilirudi.

Kumbe mama yake aliteleza akavunjika mguu, na mpunga ulikuwa ndo umetoa masuke, kwelea kwelea wameshuka na hakuna mtu wa kuamia, wadogo zake wako shule, kwa hiyo yeye ndo akapanda kwenye dungu kutwa nzima anafukuza ndege, na simu hana na mimi namba yangu hana. Walivyovuna akabeba mchele debe moja wa kufidia ada akapanda lori akaja. Getini mlinzi akaangalia karatasi akamwambia jina lako halipo, limekatwa. Akakaa pale nje chini ya mti mpaka jua linazama alafu akarudi na mchele wake. Na mimi siku hiyo nilikuwepo wanangu, nilikuwa karakana nafundisha kutia zipu, kutoka pale mpaka getini hazifiki hatua hamsini.

Toka siku hiyo nikaanza daftari langu la pembeni. Mtu akikosekana siku ya kwanza naweka nukta, siku ya tatu namuuliza anayelala naye bweni au anayetoka naye kijiji kimoja, siku ya tano napiga simu kwa mzazi au kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ikishindikana kabisa nachukua bodaboda naenda. Nilivyoanza kwenda ndo nikajua tulikuwa hatujui kitu. Nimekuta mtu hana nauli, elfu mbili tu, na anaona haya kuisema. Nimekuta mtoto anaumwa. Nimekuta mto umejaa. Nimekuta mabinti kila mwezi wanapotea siku nne siku tano na ukihesabu vizuri unajua ni hedhi na hawana pedi na choo cha chuo hakina maji wala mlango wa kufunga. Nimekuta kijana mmoja wa umeme aliambiwa mbele ya darasa zima wewe overoli yako iko wapi, akaondoka, hakurudi. Waliotoka kwa sababu somo limewashinda walikuwepo lakini wachache sana, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa nyie mnasoma ripoti mnaona mdondoko mnasema vijana wa siku hizi hawana nia, na mnakaa kikao cha kuongeza matangazo redioni ili mwaka ujao waje wengine. Mnajaza ndoo inayovuja wanangu.

Tukumbuke hivi vyuo vilianzishwa kwa ajili ya nani. Vimeanza 1975, Mwalimu Nyerere aliona mfano wa vyuo vya wananchi kule nchi za Skandinavia na Waswidi wakasaidia kuvianzisha, na mtu aliyekusudiwa alikuwa ni yule mtu mzima aliyetoka kwenye madarasa ya kisomo, amejua kusoma na kuandika alafu anajiuliza sasa baada ya hapa naenda wapi. Kijiji kinakaa kinachagua mtu, anakuja anajifunza useremala, uashi, kilimo, ushonaji, anarudi kijijini kwake. Vyuo vingi vilikuwa na mahali pa kulelea watoto ndani ya eneo la chuo, manake walishajua toka siku ya kwanza kwamba mwanamke akija anakuja na mtoto. Leo vyuo viko 54 nchi nzima, kuna vyenye majengo mapya na mashine nzuri, na nafurahi kweli nikiziona, ila naogopa kitu kimoja, kwamba tutakuwa wazuri mpaka yule ambaye chuo kilijengwa kwa ajili yake ashindwe kupita getini.

Chukueni mfano wa ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga. Mjukuu wangu aliniletea moja nimsomee, ada yenyewe wala sio tatizo, angalau mtu anaweza kuuza mbuzi wawili akapata. Lakini ukigeuza nyuma unakuta godoro, ndoo mbili, fagio la ndani na fagio la nje, jembe, rimu ya karatasi, viatu vya karakana, overoli, mkasi, kitambaa mita kadhaa, picha za paspoti, fomu ya hospitali, na hela ya tahadhari, na ukijumlisha hivyo vitu vinaizidi ada yenyewe. Na vyote viletwe siku ya kwanza! Mtoto wa mkulima analeta wapi vyote siku moja mwezi wa kwanza wakati ndo kwanza wamepalilia na ghala ni tupu? Mimi nashauri karatasi hiyo ikalieni kikao, chukueni peni, kila kitu muulizane hiki siku ya kwanza kinahitajika kweli? Mkasi mwezi wa kwanza wanaweza kushea wawili wawili. Overoli wanafunzi wa ushonaji watazishona wenyewe, ndo zoezi zuri kuliko yote, wauze kwa wenzao wa magari na wa umeme kwa bei ya kitambaa. Jembe chuo kinayo stoo. Na muandike wazi kwa herufi kubwa kwamba ada inalipwa kidogo kidogo, na kwamba mavuno yanapokelewa kama mpishi wa chuo anayahitaji, maharage ni maharage tu.

Na kalenda muitazame pia. Nyie mlioko kusini mnajua msimu wa korosho ukifika hakuna kijana atakayekaa darasani, na mlioko kwenye mpunga nimeshawaambia habari ya ndege. Kwa nini mtihani wa majaribio uwekwe wiki hiyo hiyo? Kozi fupi za miezi mitatu ziwekeni baada ya mavuno, watu wana nafasi na wana hela mkononi.

Jambo la mabinti waliopata ujauzito nataka nikae nalo kidogo kwa sababu linaniuma. Kwa miaka tulikuwa tunawaona wanatolewa shuleni na njia imefungwa, mpaka tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilivyotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Hivi vyuo vyetu vilikuwa vimeshawapokea kabla, mnaujua mpango wa Elimu Haina Mwisho, binti anasoma masomo ya sekondari na fani hapo hapo na mtoto yuko chekechea ya chuo. Huu ndo ukombozi wenyewe. Lakini sasa nawaomba, kumpokea mtu na kumuonesha kwamba umempokea ni vitu viwili. Nimemsikia mkufunzi anamwita mwanafunzi "mama nanii" kwa kejeli darasani na wenzake wanacheka. Yule binti kuna watu walishamcheka kijijini, kanisani, msikitini, nyumbani kwa baba yake, akaja kwenu akiamini huku anaanza upya. Muiteni kwa jina lake. Akichelewa muulizeni mtoto ameamkaje kwanza ndo muulize habari ya kipindi.

Wenye ulemavu nitasema kifupi kwa sababu hili halina mjadala. Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi tatu za karakana, mna wanafunzi wa uashi hapo hapo chuoni, wapeni simenti na mchanga wafanye zoezi la kujenga njia ya mteremko. Kiziwi anajifunza cherehani haraka kuliko mnavyodhani kwa sababu jicho lake haliachi mkono wako, ila ukigeukia ubao ukaanza kuongea umemuacha.

Na nyie wakufunzi wa kiume, na wa kike pia, kuna ile tabia ya kumwambia mwanafunzi njoo nyumbani tuongee kuhusu alama zako. Hiyo ni rushwa ya ngono, iko kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 25, kuna jela pale. Mkuu wa chuo ukiambiwa usiseme tuyamalize kifamilia. Nimeona mabinti wawili wazuri wa ufundi magari wameondoka kimya kimya na kwenye rejista imeandikwa neno lile lile nililoliandika mimi.

Kuhusu kufundisha, wengi wanaokuja kwetu wana kovu la shule. Amefeli, amechapwa, ameambiwa hana akili, na akiona ubao tu anatoka jasho. Mtu wa namna hiyo usimuanzishe na notsi kurasa kumi. Mpe kitu mkononi siku ya kwanza, hata kama ni kupitisha uzi kwenye bobini, hata kushona mstari mnyoofu kwenye karatasi bila uzi, arudi bweni jioni anaweza kusema leo nimefanya kitu. Hesabu utamfundisha kupitia kiuno na kifua cha mteja, robo na nusu ataijua kwenye kitambaa kabla hajaijua kwenye daftari. Na yule ambaye ameshakuwa fundi mtaani miaka kumi, gereji chini ya mwembe, msimrudishe kushika spana kama mtoto, upo utaratibu wa VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi, anapimwa anachokijua anajazia pale palipopungua anapata cheti chake. Mafundi wengi hawajui kama kitu hiki kipo, waambieni, nendeni gereji mkawaambie.

Alafu kuna hili la akimaliza. Tunawapiga picha siku ya mahafali wamevaa joho, keki inakatwa, kesho yake binti yuko nyumbani ana cheti na hana cherehani. Miezi sita mikono imeshasahau. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo mnaijua, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, kwa hiyo sasa ipo. Lakini kwa wengi inataka kikundi, katiba, akaunti ya benki, na mambo haya yote mtu akiwa peke yake kijijini hayawezi, na kikundi cha watu wasiofahamiana kinavunjika mkopo haujafika hata nusu ya marejesho. Wakati wako chuoni ndo wanafahamiana, mnaona nani mwaminifu nani mvivu, basi wasaidieni waunde vikundi muhula wa mwisho kabla hawajaondoka, afisa maendeleo ya jamii aitwe aje chuoni akae nao siku moja nzima. Na baada ya miezi mitatu mpigie kila mmoja simu umuulize unafanya nini sasa hivi. Kwenye ripoti ya bodi iwekwe hesabu hiyo pamoja na ile ya waliodahiliwa.

Yule binti wa mpunga nilimtafuta tena baada ya ile siku ya mnadani. Alikuwa ameshaolewa wilaya nyingine, mama yake alinipa namba, tukaongea, nikamwambia chuo cha huko aende, akaniambia mwalimu nitaona. Sijui kama alienda. Namba baadaye ikawa haipatikani.

Ni mimi mama yenu, mkufunzi mstaafu wa ushonaji.

Nilisahau kitu. Chekechea ya chuo kama inafunguliwa saa mbili na kipindi kinaanza saa mbili, wale wamama watachelewa kila siku ya Mungu na mtaandika wamechelewa. Ifunguliwe saa moja na nusu. Anayeshika ufunguo aongezewe hela kidogo.