YAH: MALALAMIKO JUU YA BUNDUKI YANGU AINA YA WINCHESTER MODEL 70 MLIYOISUGUA BILA RUHUSA

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Ufundi na Mauzo,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu utanisamehe, kwa leo nimeziweka kando.

Masharti yenu ya kupokea kazi mnayajua kuliko mimi, mmeyaandika wenyewe na kuyabandika ukutani. Fomu yangu inasema: kubadilisha springi ya pini ya bolti, yaani kile chuma kinachoifunga risasi mtutuni. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kusugua, kupaka wala kung'arisha.

Nilipokuja kuchukua mali yangu, kijana wenu wa kaunta alinitolea bunduki inayometameta. Mtutu umepigwa msasa na kupakwa rangi upya. Kitako cha mjozi kimekwanguliwa na kupigwa vanishi kama meza ya sebuleni. Nikamuuliza, maandishi ya kiwandani yako wapi? Akacheka mbele ya wateja: "Mzee, kiwanda chenyewe kilishakufa, maandishi ya nini?"

Ni kweli kilishakufa. Kwa mtu anayekula kwa kutengeneza bunduki, hiyo ndiyo ingekuwa sababu ya kuishika kwa mikono miwili. Kiwanda cha Winchester cha New Haven, jimbo la Connecticut, kilifungwa tarehe 31 Machi 2006. Oliver Winchester, tajiri wa mashati, ndiye aliyeisimamisha kampuni hiyo mwaka 1866. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wafanyakazi walikuwa maelfu kwa maelfu, na kiwanda kilipofungwa walibaki chini ya 200 wakipewa taarifa kwamba kazi imekwisha. Sehemu ya majengo leo ni nyumba za kupanga, watu wanapika chai pale zilipotolewa bunduki. Jina lenyewe ni la kampuni ya Olin, inayolikodisha kwa wengine. Model 94, bunduki iliyobuniwa na John Browning, siku hizi inaundwa Japani, na Model 70 mpya zinaunganishwa Ureno. Sisemi ni mbovu. Nasema si zile, na kijana wenu alipothubutu kunionyesha moja kwenye rafu akaniambia "ni ileile, mzee, tena mpya", alinidharau mara ya pili.

Maana bunduki yangu ilitoka New Haven kabla ya 1964. Mnajua 1964 ni mwaka gani, au kama hamjui fungeni duka. Ndio mwaka ambao Winchester wenyewe walibana gharama, wakauondoa ule ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti, unaoidaka risasi inapotoka kwenye magazini na kutoiachia mpaka ganda litupwe nje. Baadaye waliona aibu wakaurudisha. Marehemu baba yangu alikuwa Bwana Nyama. Bunduki hii, ya risasi za .375, aliinunua kwa mwindaji mzungu aliyekuwa anafunga virago, akaingia nayo vichakani kufuata nyati waliojeruhiwa na wageni, na ukucha ule haukumwangusha hata siku moja. Ukiiharibu bunduki kama hiyo kwa msasa, kiwanda cha kukurudishia hakipo. Hilo ndilo kijana wenu aliliona la kuchekesha.

Tena nilisahau kusema: kabla ya siku hiyo, kila nilipopiga simu niliambiwa springi inasubiriwa kutoka nje. Nimefika nyumbani, nimefungua bolti, springi ni ileile ya zamani! Kazi niliyoilipia haikufanyika. Iliyofanyika hakuna aliyeiagiza.

Nilikusudia kuishia hapa, lakini mawazo yananirudisha kaunta. Kijana yule alikuwa na sambusa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alichukua kalamu akaugonga mtutu wa baba yangu, ngo, ngo, ngo, akawageukia wateja: "Wazee na vyuma vyao!" Wakacheka. Mwanangu, ambaye ndiye atakayeirithi bunduki hii sheria ikiruhusu, alikuwa amesimama pembeni yangu akitazama sakafu. Nikauliza tena kwa sauti ya chini, maandishi yako wapi, naye akajibu akitafuna: kiwanda kilishakufa, maandishi ya nini. Msimamizi wenu alikuwa nyuma ya kioo. Alisikia. Akainamia kompyuta yake.

Namba ya bunduki imesalimika. Ingefutika, barua hii ingekuwa inaandikwa na polisi.

Naomba mnirudishie fedha yote niliyolipa, pamoja na barua ya kuomba radhi.

Hapana, hiyo haitoshi. Wakusanyaji wa bunduki kongwe hawaitaki iliyopigwa msasa, na thamani iliyopotea mtanilipa ninyi, kwa makadirio ya fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama zenu. Springi ibadilishwe mbele ya macho yangu, bure. Na radhi nataka itolewe palepale kaunta, na kijana yule pamoja na msimamizi wake, wateja wakiwepo, mwanangu akiwepo.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Siku ya 15 faili litakuwa Tume ya Ushindani na kwa wakili wangu, na picha za mtutu, kabla na baada, zitakuwa kwenye simu za wawindaji wote ninaowafahamu, na ninawafahamu wengi. Msinipigie simu. Jibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
(saini)

Nakala: Wakili wangu, Tume ya Ushindani (itapelekwa siku ya 15).