Kwa mdogo wangu aliyeko Maskati: usiku wa kuamkia Uhuru

Assalaam alaykum mdogo wangu,

Nakuandikia hapa, ambapo kila mpita njia atasoma, kwa sababu namba yangu umeifungia, na salamu nilizompa mjomba alipokuja huko ulizijibu kwa neno moja tu, "sawa". Mama hataki nimtume tena. Anasema amechoka kuwa tarishi baina ya watoto aliowanyonyesha mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakagua madaftari ya mwanangu mkubwa, yule uliyekuwa ukimbeba mabegani kwenda kununua barafu za ubuyu, nikakuta amechora kwa kalamu nyekundu tarakimu tatu kwenye jalada la daftari la Jiografia: 999. Nililifunga daftari, nikalifungua tena. Akaniuliza kama namjua Juice WRLD, rapa wa Marekani. Nilimjibu kwamba namjua, ila sikumwambia nilimjua kupitia nani wala kwa gharama gani.

Basi turudi kwenye Jumapili ile ya tarehe 8 Desemba 2019, kwa kuwa najua na wewe huko uliko hujaondoka pale. Arobaini ya mzee tulikuwa tumeipanga Jumatatu, sikukuu ya Uhuru, ili ndugu wa Korogwe na wa Dar wapate nafasi. Mvua za vuli zilikuwa zinapiga turubai uani, wanawake wamekaa kwenye vibao vyao wakimenya vitunguu, na sufuria za kukodi zilikuwa zimefika pungufu moja, jambo ambalo lilikuwa limeniudhi tangu alasiri. Mama alikuwa amekutuma uhesabu sahani. Nilipoona sahani hazihesabiwi nikaja kukutafuta, nikakukuta chumbani kwa mzee, umekaa sakafuni, mgongo umeuegemeza kwenye kitanda chake, simu mkononi, unalia. Hukuwa unalia kwa kujificha. Ulikuwa unalia kwa sauti, kamasi zinatoka kama mtoto.

Nilipiga magoti, na hilo naomba ulikumbuke, kwamba kwanza nilipiga magoti. Nilidhani tumefiwa tena. Nikakuuliza, "Nani?" Ukasema, "Juice." Nikawa napitia majina ya watu wa ukoo kichwani, namtafuta huyo Juice ni mtoto wa nani, mpaka uliponigeuzia kioo cha simu nikamwona kijana wa Marekani aliyesuka nywele, na chini yake imeandikwa miaka yake: 1998 hadi 2019.

Siku arobaini nilikuwa nimekungoja ulie. Ulilibeba jeneza la mzee kutoka nyumbani hadi msikitini hukukubali kupokewa, ukaingia kaburini kumpokea, ukatoka na udongo magotini na macho makavu, na wazee wakasema kijana huyu ana subira. Mimi sikuiita subira. Kila usiku nilikuwa napita mlangoni kwako nisikie kama utalia. Sasa nakukuta unamlilia mtu ambaye hata jina lake halisi nililazimika kulitafuta baadaye.

Ndipo nikalisema lile neno. Nitaliandika kama lilivyotoka, kwa maana nimekuwa nikiwasimulia watu kwa kulipunguza: "Baba yako hukumlilia, unamlilia teja wa Marekani?" Mlango ulikuwa wazi, na shangazi alikuwa amesimama pale na sinia la vitunguu. Nikakunyang'anya simu. Nikaufungua mkoba wako mbele yake, nikatoa ile chupa ya dawa ya kikohozi iliyobaki nusu, nikainyanyua juu kama mwalimu aliyekamata karatasi ya kuibia mtihani, nikasema, "Na hii je?"

Ulisema una kikohozi. Mama alisema yeye ndiye aliyekununulia. Mdogo wangu, mama angesema hivyo hata kama ungeiba dawa hiyo dukani, na wewe unajua.

Hapo ndipo nataka unielewe, kwani watu wa hapa nyumbani walinihukumu bila kujua nilichokuwa nakijua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, miezi michache kabla, tukiwa barazani, kwamba marapa hao wa mtandaoni huchanganya soda na dawa ya kikohozi yenye kodeini, ile dawa ya maumivu inayolevya, wanakunywa kwenye vikombe vya plastiki. Ulinieleza kwa furaha, kama mtu anayefafanua kanuni za mchezo wa bao. Ulikuwa umeuhifadhi wimbo wa Juice wa kuwaomboleza marapa wenzake, Lil Peep na XXXTentacion, ule alioutoa mwaka 2018 akiwa na miaka 19, anaosema kwamba kizazi chao hakitavuka 21. Uliuimba ukioga, uliuimba ukipiga pasi. Na wewe ulikuwa na miaka 18. Halafu unamjua yule golikipa wetu wa nyumba ya pili, aliyekuwa akidaka mpira kwa mkono mmoja, ambaye leo analala amesimama pale stendi kwa ajili ya unga. Nilipoiona ile chupa nilimwona yeye. Kaka mwingine angeona nini?

Tangu wakati huo nimemsoma huyo Juice wako kuliko nilivyowahi kusoma somo lolote, na nitakuambia nilichokikuta, kwa sababu sehemu yake inanitetea na sehemu yake hainitetei. Alizaliwa Chicago tarehe 2 Desemba 1998, akaitwa Jarad Anthony Higgins. Wazazi waliachana akiwa na miaka mitatu, akalelewa na mama yake, Bi. Carmela Wallace, katika vitongoji vya kusini mwa jiji hilo. Bi. Carmela alikuwa mcha Mungu, na hip hop haikuruhusiwa nyumbani mwake. Sikiliza hapo: haikuruhusiwa, na hakuna mtu duniani anayemwita mama huyo katili. Lakini alimlipia mwanawe masomo ya kinanda tangu ana miaka minne, na baadaye kijana akajifunza gitaa na ngoma, na muziki wa roki aliupata katika michezo ya video ambayo mama hakuiona kuwa na ubaya. Mimi nilikulipia ada ya kozi ya kompyuta. Najua si sawa na kinanda. Wakati ule ndicho nilichokuwa nacho mfukoni, na ulikwenda miezi miwili tu.

Alipokuwa sekondari alianza kurekodi kwa simu na kuziweka nyimbo zake kwenye mtandao wa muziki wa SoundCloud, akijiita JuicetheKidd. Baada ya shule alifanya kazi kiwandani, wiki mbili hazikutimia akafukuzwa. Katikati ya mwaka 2017 akaziweka mtandaoni nyimbo chache alizozipa jina la 999, yaani ile 666 ya shetani iliyopinduliwa, baya likageuzwa kuwa jema, na kati ya hizo ulikuwemo wimbo wa Lucid Dreams. Mwaka uliofuata kampuni ya muziki ya Interscope ikampa mkataba ambao magazeti yaliutaja kuwa wa dola milioni 3, na wimbo ule aliourekodi bila kampuni wala meneja wa maana ukafika nafasi ya 2 katika chati ya nyimbo za Marekani ya Billboard. Machi 2019 albamu yake ya pili ikaingia ikiwa nambari moja. Kutoka kufukuzwa kiwandani hadi hapo haikufika miaka mitatu. Nilimtazama akichana mitindo huru kwa saa nzima katika redio moja ya London, juu ya biti za Eminem, bila karatasi, bila kukwama, akicheka mwenyewe pale vina vinapomkubali. Nilianza kutazama saa tano za usiku, nikimaliza dakika kumi nitalala, nikajikuta nimeimaliza yote. Kipaji kile ningekuwa mwongo kukikana. Tena nilikumbuka ulivyokuwa ukichana barazani umeme ukikatika, ukiwataja majirani wote mmoja mmoja kwa vina, na mzee akicheka mpaka kofia inamwanguka. Yeye alicheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema ulale, kesho shule.

Na Juice alivyokufa unajua kuliko mimi. Ndege ya kukodi kutoka California ilitua uwanja wa Midway, Chicago, usiku, siku sita baada ya kutimiza hiyo miaka 21, na askari walikuwa wanawasubiri. Katika mizigo walikuta bangi nyingi, chupa za dawa yenye kodeini na bastola. Alianza kupata degedege upekuzi ukiendelea, na hospitalini hawakuweza kumrudisha.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, ambalo watu hawalijui, na ambalo ndilo hasa lililokufanya unifungie namba.

Simu yako niliifungia kwenye kabati la vyombo, nyuma ya mahotipoti, wiki tatu. Ulikuwa umeitegesha iite saa kumi na moja alfajiri, na kwa asubuhi mbili iliita ndani ya kabati, ikitetemesha glasi za mama, mpaka chaji ilipokwisha. Hakuna aliyekwenda kuizima. Wewe ulikuwa unaisikia ukiwa chumbani kwako na mimi nilikuwa naisikia chumbani kwangu, na kila mmoja alikuwa anajua mwenzake yuko macho. Nilikurudishia tarehe 30 Desemba, nzima, pamoja na chaja yake. Hilo lisemwe pia. Kwenye hitma ulikuwa umesoma juzuu yako kwa sauti isiyotikisika, ukagawa pilau, ukaosha sufuria ambazo si kazi yako kuziosha, hukunisemesha. Januari ukaenda Dar.

Tarehe 22 Januari 2020 ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Cook County, huko Chicago, ikatoa taarifa kwamba kilichomuua Juice ni sumu ya kodeini na ya oksikodoni, dawa nyingine kali ya maumivu, ikakiita kifo cha ajali. Niliiona kazini. Nikakutumia. Sikuandika salamu, sikuuliza umefikia kwa nani wala umekula nini, nilikutumia kiungo kitupu kama mtu anayetuma risiti ya deni. Nilitaka ujue kwamba sikuwa nimesema uongo. Kodeini, ileile. Nilikuwa sahihi, na mpaka leo nikiusoma ule ujumbe naona nilikuwa sahihi, na naona aibu kuusoma. Uliusoma saa nane na dakika kumi na mbili mchana, kisha picha yako ikatoweka.

Bi. Carmela, mwaka uleule, alianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wenye uraibu na msongo wa mawazo, akauita Live Free 999, kwa tarakimu zilezile za mwanawe. Hakusema mwanangu alikuwa teja. Alisimama hadharani akaeleza kwamba kijana wake alihangaika na dawa hizo, akataka wengine wasaidike. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ila naye, nisamehe, hakuwa na mdogo wa miaka 19 aliye hai, mwenye chupa mkobani, wa kumwokoa usiku ule. Mimi nilikuwa naye.

Nasikia nyimbo zako. Usidhani sizisikii. Mwanangu ndiye aliyeniletea, hakujua ni wewe mpaka aliposikia unavyotamka "barabara" kama mzee. Kwa kuwa umechagua njia hiyo, chukua basi maneno ya mtu ambaye kutwa anashughulika na hesabu za watu. Ule wimbo wako wa pili umejengwa juu ya gitaa la mtu. Lucid Dreams nao ulijengwa juu ya gitaa la wimbo wa Sting, mwanamuziki wa Uingereza, na iliripotiwa kwamba asilimia 85 ya mirabaha ya utunzi inakwenda kwa Sting na mpiga gitaa wake. Oktoba 2019 bendi nyingine, Yellowcard, ikamshtaki kwa wimbo huohuo, ikidai dola milioni 15 kwamba wimbo huo umefanana na wa kwao; kijana akafa kesi ikiendelea, na aliyebaki kusimama upande wa mirathi ni mama yake, mpaka Julai 2020 walipoifuta. Mama aliyefiwa anapokea hati za mahakama kwa ajili ya vina. Kwa hiyo omba ruhusa, andika makubaliano, weka nakala mbili, moja mpe mtu unayemwamini. Nilitaka kusema nipe mimi, lakini wakili yeyote wa huko atafaa.

Na ule wimbo wenye kabati linaloita alfajiri, naujua. Sikukasirika. Nilikasirika siku moja. Hukusema uongo ndani yake, isipokuwa pale unaposema niliivunja simu. Sikuivunja. Badilisha mstari huo kama bado inawezekana, maana mwanangu ananiuliza, na glasi za mama zipo, na kabati lipo, na wewe ndiye unayejua nilikurudishia na chaja yake.

Mama ni mzima, miguu tu. Bati za upande wa jikoni tumezibadilisha kwa pesa uliyotuma Ramadhani. Chumba cha mzee sijampa mtu.

Wimbo wako wa mwezi uliopita nimeusikiliza mara nne. Karibu na mwisho, biti inapokatika na umebaki peke yako kwenye kipaza sauti, kuna mtu anakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, na hukukiondoa. Kama kulikuwa na mwenzako studio, sawa. Kama ni wewe, naomba umjibu mama, si lazima mimi: ni kilekile?

Wako,
Kaka