Mgeni wa meli aachwe atembee kwa miguu

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kidogo kuhusu hizi meli kubwa za kitalii zinazotufikia hapa Unguja. Kaskazi ikianza tu kuvuma na kule Ulaya baridi imeshawachosha watu, ndo na zenyewe zinaanza kuja, na kila ikifunga gati moja Malindi basi tunasoma idadi ya abiria, tunaona picha ya ngoma bandarini na kiongozi anavishwa shada, habari imekwisha. Hakuna anaeuliza wale watu mchana kutwa walifanya nini na waliondoka wameona kitu gani. Mie kazi yangu ndo hiyo ya kuwatembeza kwahiyo niacheni niseme.

Tuanze na masaa mana hapo ndo pana tabu yote. Meli inaweza kufika alfajiri lakini mgeni hashuki alfajiri. Kuna mambo ya pasipoti, kuna foleni ya ngazi, kuna kuitwa kwa namba za stika walizobandikwa kifuani, mpaka anakanyaga gati ni saa tatu na jua limeshapanda. Jioni saa kumi anatakiwa awe amesharudi ndani. Na zile zinazotokea Ushelisheli ndo balaa zaidi, mana wenzetu wale wapo mbele yetu saa moja nzima na kuna meli hazibadilishi saa za ndani, sasa mgeni simu yake inasema saa nane, saa ya melini inasema saa tisa, anakuuliza kila baada ya hatua mbili tutawahi kweli? Huyo mtu hata umuonyeshe nini macho yake yapo kwenye saa.

Sasa angalia anachouziwa kwenye hayo masaa sita au saba. Shamba la viungo Kizimbani, kisiwa cha Changuu kuona kobe, Mji Mkongwe, na duka la vinyago mwishoni (hilo duka halikosi hata siku moja, na kila mtu wa kazi hii anajua kwanini). Wengine wanauziwa Jozani wakaone kima punju, na ni kama kilomita 35 kutoka mjini, kwenda na kurudi tu asubuhi yote imekatika. Kuna wanaopelekwa Nungwi kuogelea, karibu kilomita 60, unapita Bububu, unapita Mahonda, mgeni kalala mdomo wazi kwenye kiyoyozi, anashuka anaingia maji robo saa anarudi kwenye basi na mchanga miguuni. Yaani kasafiri bahari yote ile kuja kutazama kisiwa kupitia kioo cha basi!

Msimu mmoja niliwahi kuwa kwenye basi la kampuni fulani, sitaitaja, lililonasa kwenye foleni ya kurudi mjini na hakuna pa kuchepukia. Mama mmoja analia, mume wake anamgombeza dereva kwa lugha ambayo dereva haijui, na mie nipo kati natabasamu kama picha ya harusi. Wale walisubiriwa kwasababu safari yao iliuzwa ndani ya meli, lakini anaeshuka mwenyewe akakodi teksi yake hasubiriwi na mtu, nanga ikishang'olewa ajitafutie ndege amfate bandari ya mbele. Hili hawaambiwi kwa sauti ya kutosha.

Alafu kuna bahari. Jamani sisi ni watu wa pwani, iweje tuuze safari ya baharini bila kutazama mwezi? Fungu la mchanga la Nakupenda maji yakijaa linazama, siku za bamvua maji yanapopanda sana ndo usiseme, na bado utaona limeandikwa kwenye ratiba ya kila meli saa ile ile, eti saa tano. Nahodha wa ngarawa hafanyi kosa hilo hata akiwa usingizini. Wa kulaumiwa ni yule aliekaa ofisini akapanga ratiba ya mwaka mzima kwa kopi na pesti. Changuu afadhali, kisiwa kipo pale pale, na mimi nakipenda, ila kinataka nusu siku yake peke yake. Kuna jengo lililojengwa kuwa gereza mwaka 1893 na halikufungiwa wafungwa, likawa karantini ya homa ya manjano, kuna maji ya kuogelea, na kuna hao kobe ambao wazee wao waliletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, wanne tu mwanzoni. Mgeni anampa mchicha kobe mwenye umri ulioandikwa kwa rangi mgongoni, kobe anafungua mdomo taratiiibu, na mtembezaji anapiga kelele twendeni twendeni boti inaondoka. Kobe mwenyewe hajamaliza kufunga mdomo.

Mie nasema hivi, na wenzangu wengi hawatanipenda kwa hili: mgeni wa siku moja asipande basi kabisa. Bandari yetu ipo mjini! Nchi ngapi meli inakuacha kwenye makontena na majabali, mji uko mbali kilomita kadhaa, hapa ukitoka geti la Malindi tu, Dispensari ya zamani ile ya Tharia Topan iko mbele ya pua yako na roshani zake za mbao. Hatua chache Mtini, ule mti uliopandwa 1911, chini yake utawakuta watu wa boti wamekaa kivulini. Unafata Barabara ya Mizingani bahari mkono wa kulia, kasri ya masultani hii hapa, Beit el Ajaib ya Seyyid Barghash ya mwaka 1883 ambayo upande wake mmoja uliporomoka Disemba 2020, Ngome Kongwe, Forodhani. Hata jasho halijakutoka vizuri.

Na mgeni wa meli ana bahati moja ambayo wa ndege hana. Yeye mji wetu anauona kwanza kutoka baharini, kama walivyouona mabaharia wa majahazi. Mie huwa nawageuza nyuma pale Forodhani nawaambia tazameni meli yenu ilipo, sasa rudini nyuma mpaka tarehe 27 Agosti 1896, weka manowari za Waingereza kwenye maji hayo hayo, mizinga imeelekezwa hapa tuliposimama, mana Sayyid Khalid kakaa kwenye kiti cha usultani na wao hawamtaki. Dakika kama 38 hivi kasri ishavunjwa na vita vimekwisha, watu kama 500 upande wa Zanzibar wameuawa au kujeruhiwa. Wanaume wazima wananyamaza. Hadithi hiyo haina kiingilio wala basi.

Kutoka hapo unaingia vichochoroni, na ndani kuna baridi kidogo mana kuta zimekaribiana, ndo maana wazee walijenga vile. Mpaka Jaws Corner, pale kwenye baraza za kahawa. Kuna bibi mmoja wa meli, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa kachoka akaniomba akae barazani dakika mbili. Akaletewa kahawa kwenye kikombe kile kidogo na kipande cha kashata, wazee wanacheza dhumna, yule mmoja akashusha kete kwa kishindo pa! bibi akaruka, alafu wote wakacheka na yeye akacheka. Mzee mmoja akamuuliza kwao ni wapi, akamtajia timu yao ya mpira na mfungaji wa zamani kabla mie sijazaliwa, wakaanza kubishana kwa mikono zaidi kuliko maneno. Zile dakika mbili zikawa nusu saa na kikombe cha tatu. Tulikuwa bado na sehemu za kwenda, akaniambia waende wengine, yeye hapa hapa panamtosha. Kwenye karatasi ya ratiba pale hapajaandikwa.

Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, lazima wafike, hapo sibishani na mtu. Lakini wafike kwa utulivu, sio kundi la watu arobaini wanasukumana kwenye ngazi za kile chumba cha chini chenye dari la kugusa kichwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake, na mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe kuonyesha ulipokuwa mti wa kuchapiwa viboko. Nje kuna zile sanamu ndani ya shimo, shingoni minyororo ya kweli sio ya kuchonga. Mgeni anataka kusimama pale akae kimya, na wewe mtembezaji unatakiwa umuache. Nimeona kundi limepewa dakika kumi kwa yote hayo, eti soko la Darajani linasubiri. Darajani ipo tangu 1904, itasubiri tu.

Na akifika Darajani ale! Hapa ndo naumia zaidi. Chakula cha mchana kishalipiwa melini kwahiyo wengi wanarudi kula ndani, wanaacha pesa ya maji ya chupa na sumaku ya friji. Mpe bakuli la urojo, kachori, bajia, kiazi, mishikaki miwili, chatne, pilipili kidogo kidogo usimuue, aone ukali wa embe na ndimu, uone kama atakumbuka bufee ya jana. Pesa hiyo inaingia moja kwa moja kwa mama mwenye sufuria, haipiti kwa wakala wala kwa wakala wa wakala.

Najua nitaambiwa wapo wazee na wenye viti vya magurudumu, na jua la mchana mwezi wa pili si la mchezo. Kweli, hao wapewe gari ndogo, au wapelekwe shamba la viungo na waachwe huko huko wastarehe chini ya miti, sehemu moja tu, sio tatu. Nitaambiwa pia mapapasi. Hapo nakubali kabisa. Mgeni anatoka getini anazingirwa na vijana kumi kila mmoja rafiki yake wa tangu zamani, huyu ana teksi, huyu ana boti, huyu ana kaka yake ana duka, lazima akimbilie basi, hata mie ningekimbia. Lakini dawa yake ipo. Wekeni meza pale pale ndani ya geti, watembezaji wenye vitambulisho vya Kamisheni ya Utalii wakae kwa zamu, bei ibandikwe ubaoni kwa kila mtu kuiona, na mgeni apewe ramani ya karatasi yenye njia moja ya kwenda kwa miguu na kurudi. Gharama yake sidhani kama inazidi ya zile fulana za sherehe ya kupokelea meli.

Jengine ni kuzungumza na wenye meli wachelewe kuondoka. Forodhani inaanza kuwa Forodhani baada ya magharibi, wakati huo ndo taa zinawashwa, pweza anachomwa, miwa inakamuliwa, na kabla ya hapo jioni vijana wanaruka baharini kutoka ukutani wanapiga mbizi za kichwa chini. Yote hayo mgeni yupo juu ya sitaha anatazama kwa mbali taa zinawaka, meli ishageuza. Ikiondoka saa nne usiku badala ya saa kumi na moja jioni hakuna bahari itakayokauka, na ikilala kabisa ndo bora zaidi, asubuhi ya pili ndo awe na muda wa hiyo Changuu yake au viungo vyake bila kufukuzwa.

Na vyoo jamani. Ukishaacha bustani ya Forodhani mpaka ufike Darajani mgeni akibanwa namwombea kwenye mahoteli ya jamaa zangu, siku nyengine wananikubalia, siku nyengine wananiangalia vibaya na wana haki yao. Baraza la mji litutafutie angalau viwili humo katikati, visafi, vyenye maji na mtu wa kuvitunza, na wakitaka kutoza watoze tu, wageni watalipa.

Mtembeza wageni,
Mji Mkongwe, Unguja