Malalamiko Kuhusu Rangi Kubanduka Kwenye Mnara wa Tanki la Shule

Kamati ya Ujenzi ya Shule,
Tanga.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mnara mliotusimikia mwaka jana unabanduka rangi miguuni kote, na kutu imeanza kuchimba vishimo. Fundi wenu alipokuja kuukagua alisema ni chumvi ya bahari. Jibu hilo hatulikubali. Fremu za madirisha ya madarasa zinapigwa na upepo uleule, na rangi yake imeshika.

Tumeambatanisha vipande vilivyoanguka. Mbele ni rangi nzima, haina kasoro. Nyuma ni gamba jeusi lenye usamawati, linang'aa, na linanaswa na sumaku. Rangi haikuachia, kilichoachia ni gamba lililokuwa chini yake. Gamba hilo chuma hutoka nalo kiwandani: kinapopitishwa kwenye roli kikiwa chekundu kwa moto, oksijeni ya hewani huungana nacho na kukivika tabaka tatu za oksidi: wustaiti ndani, magnetaiti katikati, hematiti juu. Kwa macho chuma huonekana safi. Lakini gamba huvunjika kirahisi, halitanuki sawa na chuma jua linapowaka, basi hupasuka. Unyevu ukishaingia kwenye ufa, gamba na chuma hufanya kazi kama betri, na kinacholiwa ni chuma kilicho wazi. Ndiyo maana kuna vishimo. Chumvi imeongeza kasi tu.

Mkataba ulisema chuma kisafishwe kwa kupulizwa mchanga hadi kiwango cha usafi kiitwacho Sa 2½ ndipo praima, yaani rangi ya kwanza, ipakwe. Kwa kiwango hicho, gamba halitakiwi kuonekana popote. Kazi hiyo tuliilipia na haikufanyika.

Tanki likijaa, juu ya miguu hiyo hukaa lita 5,000, yaani tani 5 za maji, na chini yake watoto hupanga foleni na ndoo.

Tunataka rangi yote iondolewe, mnara upulizwe mchanga kwa gharama zenu, na unene wa chuma upimwe penye vishimo. Kamati ikione chuma kikiwa kitupu kabla ya praima, nayo ipakwe siku hiyohiyo. Msitutumie mtu mwenye brashi ya waya. Brashi hung'arisha gamba lililoshika, hailitoi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tanki tumelimwaga maji, na kwa sasa wanafunzi wanabeba maji kutoka nyumbani.

Katibu,
Kamati ya Ujenzi

Nakala: Mwalimu Mkuu