Kinga ya baridi porini huanzia kwenye ngozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu mavazi ya watu wanaofanya kazi porini wakati wa kipupwe. Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, katikati kabisa ya miezi ya baridi, na siku hizohizo warina asali wa Sikonge, Urambo na Kaliua wamepiga kambi msituni, wakiamka usiku wa manane kwenda kwenye mizinga. Nimefuata nyayo za wanyama katika vitalu vya uwindaji vya mkoa huu wa Tabora kwa misimu kumi na minne, na kila mwaka nimeona kosa lilelile likirudiwa: mtu anajinyima ili anunue koti zito, lakini haifikirii kabisa nguo inayogusa mwili wake, ambayo kwa kazi hii naona bora iwe fulana nyepesi ya sufu.

Wako watakaoshangaa kusikia habari za baridi Tabora. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 15, pengine chini ya hapo, hasa mbugani na kandokando ya mito ambako hewa ya baridi hutuama hadi jua lichomoze. Nyuzi 15 kwa mtu mkavu aliyejifunika blanketi si kitu. Kwa mtu aliyelowa, aliyeketi bila kujongea, ni mateso, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayozidi ile ya hewa kavu zaidi ya mara ishirini.

Hilo nililijua kwa mwili wangu mwenyewe. Tulikuwa tumetoka kambini saa kumi na moja alfajiri tukifuata nyayo za nyati, nyasi zikitufika kifuani na umande ukitiririka, na kwa mwendo ule tulikuwa tunatoka jasho licha ya baridi. Kulipopambazuka tuliwakuta, lakini upepo ulikuwa unaelekea kwao, hivyo tukajibanza nyuma ya kichuguu tukingoja ugeuke. Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Fulana yangu ya pamba iligandamana na mgongo kama kitambaa kilichotoka kisimani, na nikaanza kutetemeka kiasi kwamba mwindaji bingwa alinipa ishara ya mkono nitulie, nami nikashindwa. Mgeni wetu, mzee kutoka Norway aliyenizidi umri kwa miaka mingi na aliyetoka jasho kama mimi, aliketi kimya pembeni yangu. Jioni nilimuuliza siri yake, akafungua vifungo vya shati na kunionyesha fulana ya kijivu ya mikono mirefu, nyepesi mno hata nikadhani hakunielewa swali. Siku ya kuondoka aliniachia. Ilikuwa ya sufu ya kondoo wa merino, na ninayo hadi leo.

Kondoo wetu wa Unyamwezi wana singa, hawana sufu, na ndiyo maana nguo hiyo kwetu ni ngeni. Merino ni kondoo wa asili ya Hispania waliofikishwa Australia mwaka 1797, nchi ambayo sasa inaongoza kwa sufu ya nguo. Uzi wa sufu hiyo unaweza kufyonza unyevu unaofikia karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi umajimaji, tena huachia joto kidogo wakati unafyonza. Pamba nayo hunywa jasho haraka, lakini huling'ang'ania. Vijifuko vya hewa vilivyokuwa vinatunza joto hujaa maji, na nguo hulala juu ya ngozi. Sisemi haya kuibeza pamba. Wakulima wa Igunga na Nzega wanaishi kwayo, na kwa shati la juu wakati wa mchana sioni nguo iliyo bora kuliko ya pamba. Ninachosema ni kwamba isiwe nguo ya kwanza mwilini kwa mtu atakayetembea kwa nguvu kisha aketi kwenye baridi.

Poliesta ni rahisi kwa bei na hukauka upesi, na kwa mwenye fedha kidogo ni afadhali kuliko pamba. Hata hivyo ina madhara mawili. La kwanza ni harufu: baada ya siku mbili kambini, ambako maji ni ya kubebwa, fulana ya poliesta hunuka vibaya, ilhali ya sufu huvaliwa siku nne au tano bila kero. (Wawindaji wa nje husifu sana jambo hili wakiamini kwamba mnyama hatawanusa, mimi naamini zaidi kifuko cha majivu kinachoonyesha upepo unakoelekea, kwa maana hakuna fulana inayoificha harufu ya binadamu kwenye pua ya nyati.) La pili ni moto, na hapa nazungumza na warina asali hasa. Cheche ikiruka kutoka kwenye bomba la moshi na kutua kwenye poliesta, nguo huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu haiyeyuki, hushika moto kwa shida, na mara nyingi huzimika yenyewe.

Sasa, kuchagua. Kinachoamua kama sufu itawasha au haitawasha ni unene wa uzi wake, unaopimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Nguo nzuri za ndani za merino huwa na mikroni 17 hadi 19, na uzi unaozidi 30 huchoma ngozi. Asiyekuwa na lebo ya kusoma aisugue nguo shingoni au upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ikimchoma pale, itamchoma mwili mzima atakapotoka jasho. Uzito wa kitambaa huandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na katika jambo hili watu wetu hudanganyika kwa kudhani kwamba zito ndilo bora. Gramu 250 ni za wanaokaa kwenye theluji. Hapa zitamtoa mtu jasho kabla hajamaliza kilomita ya kwanza. Kwa Tabora gramu 150 zinatosha kwa anayetembea, na 200 kwa anayelinda kambi usiku. Nguo ishike mwili bila kuubana, iwe ndefu hadi chini ya kiuno, na mshono usipite juu ya bega pale unapokaa mkanda wa bunduki. Sufu tupu iliyo nyepesi hutoboka mapema, kwa hiyo nyongeza ndogo ya nailoni isimtishe mnunuzi.

Rangi nayo ni suala zito kwetu kuliko kwa wenzetu wa nchi za baridi. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na nguo nyingi za aina hii hutengenezwa kwa rangi hizohizo. Chagua kijivu au kahawia, na ujue kwamba mbung'o huichoma fulana nyepesi bila taabu, hivyo shati la juu lisivuliwe jua linapopanda.

Fulana mpya ya merino ni ghali kwa kibarua, sikatai. Lakini katika mitumba sufu zimo, tena kwa bei ya chini, kwa kuwa wateja wengi huziona nguo za joto. Mimi huomba ruhusa ya muuzaji, nachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuugusisha njiti ya kiberiti. Sufu hutoa harufu ya nywele au manyoya ya kuku yaliyoungua, na mabaki yake husagika vidoleni yakawa unga mweusi. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, hudondoka, na kubaki shanga ngumu isiyovunjika. Sijawahi kukosea kwa kipimo hicho.

Fulana ya pili niliyopata niliipoteza kwa ujinga wa kufua. Niliiweka pamoja na nguo nyingine za kambi, ikaloweshwa kwenye maji ya moto na kusuguliwa kwa sabuni ya mche, na ilipokauka ingeweza kumtosha mtoto wa darasa la kwanza. Uzi wa sufu una magamba madogo ambayo kwa joto na msuguano hushikana na hayaachani tena. Tumia maji baridi, kamua kwa kuminya bila kusokota, anika kivulini ukiilaza juu ya kamba mbili au tatu. Msimu ukiisha iwekwe ikiwa safi, kwa maana viwavi wa nondo hupenda zaidi sufu yenye jasho.

Ombi langu ni kwa wanaonunua sare za wafanyakazi wa vitalu, za askari wa wanyamapori wa vijiji na za vyama vya ushirika vya wafugaji nyuki. Mahali nilipofanya kazi tulipewa kila mwaka mashati mawili ya pamba na jaketi moja nene, na tulipoomba fulana za ndani tulijibiwa kwamba Tabora ni nchi ya joto. Aliyetoa jibu hilo alikuwa hajawahi kulala mbugani mwezi Julai. Fedha ya jaketi moja nene inaweza kugawanywa ikatoa fulana ya sufu na koti jepesi la kuzuia upepo, na mfanyakazi akawa mkavu zaidi kuliko sasa. Na wafanyabiashara wanaofungua marobota ya mitumba hapa mjini, nawaomba watenge fulana za sufu za mikono mirefu kuanzia mwezi Mei, kwa sababu sisi wa porini hununua kabla ya kuondoka, na tukishaingia msituni haturudi hadi Septemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfuata nyayo mstaafu,
Sikonge, Tabora.