Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara: Wafe Wangapi Ndipo Takwimu Zitimie?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: BARABARA INAYOKATIZA KATIKATI YA MAKAZI YETU

Salamu na heshima kwako. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua za bahasha zimekwishaletwa ofisini kwako, na majibu yake tumeyakariri: barabara yetu "haijafikia kiwango" cha ajali kinachoruhusu itengewe fedha za marekebisho. Jibu ni la kiungwana, lina muhuri na namba ya kumbukumbu. Kasoro yake ni kwamba hesabu iliyolizaa haifai kupimia jamii ndogo, na naomba nikuonyeshe ni kwa nini.

Tuchukulie barabara ambayo, kwa upana wake, kona zake na mwendo wa magari yake, ina wastani wa ajali mbili za vifo kwa mwaka. Mtu atatarajia kila mwaka ulete mbili. Haiwi hivyo. Ajali za aina hii ni chache na haziji kwa ratiba, kwa hiyo kanuni za uwezekano zinatuambia kwamba takribani mwaka mmoja katika kila saba utapita bila ajali hata moja ya kifo, na mwaka mmoja mwingine katika kila saba utaleta nne au zaidi. Barabara ni ile ile, madereva ni wale wale, lami haijaguswa.

Sasa tazama yanayofuata ofisini. Ukipita mwaka wa sifuri, faili linarudishwa kabatini kwa kuwa eneo ni salama. Ukija mwaka wa ajali nne, patakuwa na misiba, viongozi watafika, kamera zitafika, na askari watasimama kandokando na tochi za kupimia mwendo. Mwaka unaofuata ajali zinarudi kuwa mbili au moja, na taarifa inasomwa kwamba operesheni imezaa matunda. Huenda kweli imezaa. Lakini hata asingeletwa askari mmoja, idadi ingeelekea kushuka, maana mwaka uliopanda sana juu ya wastani kwa kawaida hufuatwa na mwaka ulio karibu na wastani. Wanatakwimu wanaijua tabia hii, na inashangaza jinsi inavyosahaulika pale pongezi zinapogawiwa.

Ndiyo maana utaratibu wa kungoja mahali fulani pajipambanue kwa wingi wa vifo unaweza kufaa njia panda za jiji, zenye magari maelfu kwa maelfu na ajali za kutosha kulinganisha. Kwetu utaratibu huo una maana moja tu: tungoje. Na anayengojewa ana jina, ingawa leo hatujui ni lipi.

Tena hata hizo ajali chache zinazohesabiwa si zote. Kinachoingia kwenye daftari la polisi ni kile kilichofikishwa polisi. Mwendesha pikipiki aliyeteleza kwenye kokoto zilizomwagwa na lori, akavunjika mkono, hana wa kumshtaki. Anajikokota hadi zahanati. Mwenye baiskeli aliyebanwa na gari hadi akatumbukia mtaroni hakuishika hata namba ya gari lenyewe. Huko zahanati wanaandikwa "ameanguka" au "jeraha la goti", wanafungwa bandeji, na habari inaishia hapo. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi limekuwa likichapisha makadirio yake ya vifo vya barabarani pembeni ya idadi zinazoripotiwa na serikali, na kwa nchi nyingi za kipato cha chini makadirio huzipita idadi hizo kwa mbali. Kama vifo vyenyewe vinapotea njiani namna hiyo, magoti na mikono tusiulize.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kiasi cha kuchekesha: safu moja iongezwe kwenye rejista ya zahanati, iulize "wapi?" Si lazima pawe na ramani. "Kwenye daraja", "mbele ya shule", "penye kona ya pili" inatosha. Baada ya muda utaona majeraha yanavyorundikana mahali pamoja, pengine mahali ambapo daftari la polisi halina hata mstari.

Ombi la pili ni kwamba wataalamu wako waje wahesabu kosakosa. Ajali moja mbaya hutanguliwa na nyingi zilizoponea chupuchupu: breki zilizolia, mama aliyerudi nyuma mbio na mtoto mkononi, dereva aliyelipita lori kisha akalazimika kujipenyeza tena kwenye upande wake kwa kumchomekea mwenzake. Huu si umbea wa vibarazani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani, na baadaye wa Uswidi, wamekuwa wakiwaweka watu waliofunzwa pembeni ya njia panda waandike matukio hayo kwa utaratibu, ili wasilazimike kungoja maiti ndipo wajue penye hatari. Kwa siku chache za kutazama, mtu makini hupata picha ambayo daftari la ajali lingehitaji miaka kuitoa.

Wakija, tafadhali waje kwa miguu. Anayekagua barabara akiwa ndani ya gari huona kilichojengwa kwa ajili ya gari. Kwa miguu wataona kibao cha kikomo cha mwendo kilivyofunikwa na matawi hadi namba yake kusomeka ukiwa chini yake kabisa. Wataona njia ya waenda kwa miguu inavyokatika ghafla penye kalavati, kila anayepita akilazimika kushuka kwenye lami kwa hatua kadhaa, mgongo ukiwa umeyaelekea magari. Wataona alama za matairi, vipande vya vioo vya taa vilivyosagika kwenye mchanga wa pembeni, na nguzo ya ukingo wa daraja iliyokwaruzwa rangi tatu tofauti. Na wataona jambo ambalo kwangu ndilo linalosema mengi zaidi: pundamilia imechorwa mahali pamoja, halafu mbali kidogo, ng'ambo zote mbili za barabara, nyasi zimekufa na udongo umelika kwa nyayo. Pale ndipo watu wanapovukia. Shule ipo pale, kituo kipo pale, na binadamu hufuata njia fupi tangu kabla ya lami kuvumbuliwa. Kivuko kimewekwa palipomfaa mchoraji, kisha mtoto akigongwa penye nyasi zilizolika tunaandika kwamba alivuka mahali pasiporuhusiwa.

Nikiwa hapo kwenye kuandika, nina neno kuhusu "uzembe wa dereva". Ndiyo sababu inayojazwa kwenye fomu karibu kila mara, na mara nyingi ni kweli: dereva alikimbiza gari, alikuwa amelewa, alikuwa kwenye simu. Lakini kama wazembe wanaotoka pande zote, wasiojuana, wanakuja kuzembea pale pale penye kona ile ile, basi kona nayo ina kesi ya kujibu. Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha sera iliyoanzia hapo hapo: binadamu atakosea, hilo halina mjadala, kwa hiyo wanaojenga na kusimamia barabara nao wanawajibika kuhakikisha kosa la kawaida halilipwi kwa uhai. Sisemi dereva asishtakiwe. Nasema baada ya hukumu yake, yupo mwingine wa kuulizwa.

Kiini cha yote ni mwendo, na hapa naomba uvumilivu wako kwa hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuitambua hatari na kuufikisha mguu kwenye breki. Hapo gari lenye breki nzima, kwenye lami kavu, litahitaji mita nyingine kama 14 ndipo lisimame. Kwa kilomita 30 kwa saa, kushtuka na kusimama kwa pamoja humalizika katika mita 13 hivi. Sasa mtoto achomoke mita 14 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 anasimama mbele yake na kumgombeza. Dereva wa kilomita 50 anamgonga na kasi yake nzima, breki ikiwa haijaanza hata kushika. Na mwili wa mtu aliyegongwa kwa 50 hauna matumaini ya ule uliogongwa kwa 30, kwa kuwa nguvu ya kishindo hukua kwa mraba wa mwendo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa asilimia 4.

Hayo ndiyo yaliyofanya Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, litake kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watembea kwa miguu na waendesha baiskeli huchanganyika mara kwa mara na magari, isipokuwa pakiwa na ushahidi mzito kwamba mwendo mkubwa zaidi hapo ni salama. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa pili wa hatua za usalama barabarani, lengo likiwa kupunguza vifo na majeraha kwa angalau nusu. Kipande chetu cha barabara ni mchanganyiko huo huo, asubuhi na jioni.

Lakini tafadhali usituletee kibao peke yake. Barabara pana, iliyonyooka, isiyo na kitu pembeni, humwambia dereva akanyage mafuta, na sauti yake ni kubwa kuliko ya kibao. Gari limetoka safari ndefu kwa mwendo wa kilomita 80 au 90, na hakuna kinachomjulisha dereva kwamba sasa ameingia kwenye makazi ya watu mpaka amwone mtu. Tunachohitaji ni lango: njia ibanwe pale makazi yanapoanzia, katikati pawe na kisiwa ambacho mvukaji anaweza kusimama baada ya kumaliza upande mmoja, na kivuko kiinuliwe usawa wa njia ya miguu, pale penye nyasi zilizolika. Penye njia panda ujengwe mzunguko, kipilefti kidogo cha njia moja. Njia panda ya kawaida ya mikono minne ina sehemu 32 ambapo mapito ya magari hukatana, huungana au huachana. Kwenye mzunguko wa njia moja hubaki 8, na hata ajali ikitokea, magari hugusana kiubavu na kwa mwendo mdogo badala ya kukutana uso kwa uso.

Matuta, ndiyo, yanasaidia, ila yajengwe na mtu anayejua. Penye msiba wananchi hujichimbia la kwao usiku, bila rangi wala kibao cha kutahadharisha, na wa kwanza kulikuta huwa mwendesha pikipiki gizani. Ukituachia kazi hiyo, tutaifanya, na tutaifanya vibaya.

Kofia ngumu, mikanda na ulevi sivigusi leo. Sheria zake zipo na askari wanazijua.

Najua utaniuliza tutapimaje mafanikio ikiwa nimekwishasema idadi ya vifo haituambii kitu kwa mwaka mmoja au miwili. Pima mwendo. Weka alama mbili kandokando ya barabara, mita 100 kati yake, uchukue saa ya simu. Gari linalotumia sekunde 12 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Sekunde 7 na nukta 2 ni kilomita 50. Sekunde 4 na nusu ni 80. Kosa dogo la kidole halitaharibu kitu ukipima magari mia kadhaa. Kisha tafuta ule mwendo ambao magari 85 katika kila 100 hayauzidi, kama wafanyavyo wahandisi wako. Fanya hivyo kabla ya ujenzi na baada yake, saa zile zile, ukijumlisha magharibi kuingia usiku, wakati mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa tayari mbele ya boneti. Mwendo ukishuka utaujua ndani ya wiki, bila kumngoja marehemu yeyote athibitishe.

Wakazi wako tayari kushika saa na kuandika. Vijana wapo, walimu wapo. Tunachoomba kutoka kwako ni mhandisi mmoja wa kutuelekeza, tarehe ya yeye kufika, na nakala ya atakachokiandika ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali iliyo karibu nasi. Kama ofisi yako itaendelea kusema kiwango hakijafikiwa, basi kiwango chenyewe nacho kiandikwe hapo hapo ubaoni kwa tarakimu, ili kila mzazi anayemvusha mtoto asubuhi akisome.

Wako katika kuitumia barabara hiyo hiyo,

Mkazi